Mosaiki ya "mbinu ya Kirumi": ipi hasa ni ya Kirumi?

Mosaiki ni picha au urembo unaoundwa kwa kupanga vipande vidogo vya mawe, vioo au vigae juu ya sakafu, ukuta au dari. Hapo hatugombani. Kinachokera ni maneno "mbinu ya Kirumi", yanayobandikwa siku hizi kwenye kila tangazo la mafunzo ya wikendi. Ukifungua video unamkuta mwalimu amevunja vigae vya bafuni, anavigandisha kwa gundi juu ya ubao, anajaza saruji nyeupe kwenye nafasi, anafuta kwa sponji. Samaki anayetokea anafanana kabisa na wale wa Pompeii, mji wa kale wa Kirumi. Mchoro ni wa Kirumi, sawa. Mbinu je?

Kupanga vigae vilivyovunjika ni ustadi wenye heshima na kwao. Wakatalani huuita trencadís, na mwanzoni mwa karne ya 20 wasanifu majengo Gaudí na Jujol waliutumia kupamba benchi refu la Park Güell, Barcelona. Kipande cha Kirumi, tessera, hukatwa. Katika shule ya mosaiki ya Spilimbergo, Italia, iliyofunguliwa mwaka 1922, kazi bado hufanywa kwa nyundo na patasi iliyochomekwa kwenye gogo, makali yakiangalia juu: jiwe linashikwa juu ya makali, nyundo inashuka, kipande kinaanguka.

Hata hivyo, kukata si kiini cha jambo. Kiini kiko chini ya mawe, asikokuona mtu wa kupiga picha. Vitruvius, Mrumi aliyeandika juu ya ujenzi katika karne ya 1 KK, anaeleza kwenye kitabu chake cha 7 jinsi sakafu inavyoanza. Kwanza hupangwa mawe yasiyopungua ukubwa wa ngumi. Hufuata kifusi na chokaa, sehemu 3 kwa 1 kama kifusi ni kipya, 5 kwa 2 kama kilishatumika, na kundi la watu hukishindilia kwa magogo mpaka kibaki na unene usiopungua robo tatu ya futi. Juu yake huja vyungu na vigae vilivyopondwa, 3 kwa 1 ya chokaa, unene wa vidole sita. Udongo huo wa kuchomwa ndio unaoifanya chokaa istahimili unyevu. Waakiolojia wamechimba sakafu nyingi ambazo tabaka moja au mawili yamepunjwa. Fundi ni fundi popote.

Mwisho hutandikwa chokaa laini, kwa kiasi kinachoweza kumalizwa kabla hakijashika. Vipande husukumwa ndani kimoja kimoja, chokaa ikapanda katikati yake. Kadiri siku zinavyopita chokaa huvuta kaboni dayoksaidi kutoka hewani na kurudi kuwa jiwe, hivyo kipande na kitanda chake huwa kitu kimoja. Wajenzi wa Lamu na Unguja, waliochoma matumbawe kupata chokaa, wasingehitaji kuelezwa hili mara mbili. Gundi ya dukani hushika mgongo wa kipande tu.

Linalochanganywa zaidi ni kupanga kinyume, yaani kubandika vipande kwenye karatasi uso ukiwa chini, kisha kugeuza na kugandisha. Njia hii ilienea Ulaya katika karne ya 19, na fundi Mwitalia Facchina aliipatia sifa kwa mosaiki za jumba la opera la Paris, lililofunguliwa mwaka 1875. Ni njia safi, ya haraka, yenye uso ulionyooka. Lakini chini ya sakafu kadhaa za Kirumi imeonekana mistari ya mwongozo, iliyochorwa kwa rangi au kukwaruzwa kwenye kitanda. Mistari hiyo ni ya mtu aliyepiga magoti papo hapo, akiitazama picha yake ikikua mbele ya macho.

Hapa mtetezi wa kubandika vipande kwenye wavu kwa gundi, kisha kuvihamisha, hukimbilia emblema, ile picha ya katikati ya sakafu. Ni kweli, emblema ilitengenezwa karakanani kwenye sinia la jiwe au la udongo wa kuchomwa, ikaja kupachikwa katikati ya sakafu. Vipande vyake ni vya milimita chache tu, vikifuata mikunjo ya mchoro, na kazi hiyo huitwa opus vermiculatum. Sakafu inayoizunguka ni opus tessellatum, ya vipande vya karibu sentimita moja. Zote mbili hupangwa uso juu. Mosaiki ya Aleksanda, iliyofukuliwa Pompeii mwaka 1831, ina vipande zaidi ya milioni moja vya namna hiyo ya kwanza, na ndiyo kila mwanagenzi anataka kuanza nayo. Aanze na sakafu nyeusi na nyeupe za Ostia, bandari ya kale ya Roma.

Warumi wenyewe hawakuzitia kazi hizi kapu moja. Amri ya bei ya kaisari Diocletian ya mwaka 301 inampa tessellarius, fundi wa sakafu, denari 50 kwa siku pamoja na chakula, na musaearius 60. Wataalamu wengi humchukua huyu wa pili kuwa fundi wa kuta na dari.

Kwa hiyo, mwalimu, samaki wako ni mzuri. Mwite mosaiki ya gundi yenye mchoro wa Kirumi. Ukitaka kulibakiza lile neno "mbinu" kwenye tangazo, ongeza mfuko wa chokaa kwenye orodha ya vifaa, na uwaambie wanafunzi waje na nguo za kupigia magoti.