Maswali na Majibu: Kujikinga na Maambukizi ya Ngozi Katika Chumba cha Mazoezi

Kwa nini watu wanaofanya mazoezi jimu hupata maambukizi ya ngozi kwa urahisi?

Ngozi isiyo na jeraha na iliyo kavu ni kinga madhubuti, na vijidudu vingi vinavyoigusa huondolewa kwa maji na sabuni kabla ya kuleta madhara. Mazoezi huidhoofisha kinga hiyo kwa muda: jasho huilainisha ngozi, nguo za kubana huisugua mapajani na kwapani, na vyuma huchubua viganja. Katika miji ya pwani kama Dar es Salaam na Mombasa, ambako hewa yenyewe ina unyevunyevu, nguo iliyolowa jasho haikauki upesi, na fangasi hustawi hasa katika hali hiyo. Aidha, takriban mtu 1 kati ya 3 hubeba puani bakteria aina ya stafilokokasi bila kuumwa, na bakteria hao wakipata mchubuko wa kupenyea ndipo huzusha jipu.

Ni maambukizi gani hasa?

Yanayoonekana mara nyingi ni choa, ambacho wengine hukiita mashilingi, fangasi wa kati ya vidole vya miguu na wa kinenani, majipu, vipele vya usaha kwenye vinyweleo, na chunjua za nyayo zinazosababishwa na virusi.

Je, hatari kubwa iko kwenye vifaa?

Vifaa vina sehemu yao, lakini kwa maoni yangu tunaviogopa kupita kiasi na kuisahau taulo. Mwaka 2003, wachezaji 5 kati ya 58 wa timu ya St. Louis Rams ya Marekani, inayocheza mpira wa miguu wa Kimarekani, walipata majipu ya stafilokokasi sugu kwa dawa, na yote yalianzia pale walipochubuliwa na nyasi bandia. Wachunguzi hawakuwapata bakteria hao sugu kwenye vifaa walivyovipima. Walichokiona ni wachezaji kupokezana taulo uwanjani, kuingia kwenye mabwawa ya tiba bila kuoga kwanza, na michubuko iliyoachwa wazi. Mambo hayo tunayaona pia katika jimu za mitaani kwetu.

Tazama jinsi mtu anavyoitumia taulo moja: anaifuta benchi iliyoachwa na mwenzake ikiwa imelowa, anaitandika alalie, kisha akimaliza anajipangusia uso kwa upande uleule uliogusa benchi. Ni afadhali kuwa na taulo mbili, moja ya kutandika na nyingine ya mwilini, zenye rangi tofauti ili zisichanganywe, na zote zifuliwe na kuanikwa juani kila baada ya mazoezi. Usiazime taulo, wembe wala soksi, hata kwa rafiki wa karibu.

Nikipulizia dawa kwenye benchi na kuipangusa papo hapo, inatosha?

Mara nyingi haitoshi, kwa sababu dawa ya kuua vijidudu inahitaji kubaki juu ya kifaa ikiwa mbichi kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, na katika dawa nyingi muda huo ni wa dakika kadhaa. Kuna jambo jingine ambalo wenye jimu wengi hulipuuza: benchi ambayo ngozi yake imechanika na sponji kutokeza haiwezi kusafishwa ipasavyo, kwani jasho huzama ndani ambako kitambaa hakifiki. Benchi hiyo ishonwe upya au iondolewe, na mteja ana haki ya kulidai hilo.

Na bafuni?

Vaa kandambili, oga kwa sabuni mara tu baada ya mazoezi, kisha kausha kati ya vidole vya miguu kabla ya kuvaa soksi safi. Nguo mbichi usizifungie ndani ya begi hadi kesho.

Nimeota duara linalowasha mkononi. Nipake nini?

Duara lenye kingo zilizoinuka na magamba huenda likawa choa, nacho kwa kawaida hutibika kwa krimu ya fangasi kama klotrimazoli, inayopakwa kwa wiki 2 hadi 4 hata kama muwasho umekwisha mapema. Nawasihi sana wasomaji wajihadhari na krimu za mchanganyiko zenye steroidi, ambazo watu hujinunulia bila ushauri wa mtaalamu. Steroidi hutuliza muwasho na wekundu ndani ya siku chache, mgonjwa akadhani amepona, kumbe fangasi wanaendelea kusambaa chini kwa chini, na duara hupoteza umbo lake kiasi kwamba hata daktari hupata shida kulitambua. Muulize mfamasia kama krimu hiyo ina steroidi kabla ya kulipa.

Na nikiwa na jipu?

Usilikamue wala kulitoboa. Lifunike kwa bandeji safi na kavu, nawa mikono kila unapoligusa, na pumzika mazoezi ikiwa usaha unapenya bandeji. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo ukiona homa, wekundu unaotanuka, mstari mwekundu unaopanda kutoka kwenye jeraha, au maumivu makali kuliko ukubwa wa uvimbe wenyewe; mwenye kisukari asisubiri hata dalili hizo. Usijianzishie vidonge vya antibiotiki vilivyobaki nyumbani, kwa kuwa stafilokokasi sugu hawauawi na dawa nyingi za jamii ya penisilini, na jipu kubwa huhitaji kupasuliwa na mtaalamu ili usaha utoke.