Kabla ya Kumwita "Mzito", Fungua Daftari Lake

Chukua daftari la hisabati la mtoto wa darasa la nne anayesemwa ni mzito wa kuelewa. 52 kutoa 37, kaandika 25. 84 kutoa 29, kaandika 65. 71 kutoa 46, kaandika 35. Kakosa yote, na wino mwekundu umejaa ukurasa.

Lakini mtoto huyu habahatishi. Ana kanuni yake: tarakimu ndogo hutolewa kwenye kubwa, iwe iko juu au chini. Kwenye mamoja, 2 kutoa 7 anaona haiwezekani, basi anageuza: 7 kutoa 2, anapata 5. Kumwongezea maswali ya aina hiyo akayafanye nyumbani ni kumzoesha kukosea. Mpe vijiti. Afunge mabunda matano ya kumikumi, viwili vibaki nje, kisha mwambie atoe saba. Itambidi afungue bunda moja mwenyewe. Akishafungua, ndipo umwonyeshe jinsi ya kuandika kile ambacho mikono yake imefanya.

Kusoma nako ni vivyo hivyo. Mpe aya fupi ya darasa la pili asome kwa sauti, mkiwa wawili tu, si mbele ya wenzake. Akiwa bado anaunganisha silabi moja moja, usishangae akifeli sayansi. Swali lenyewe hajalisoma. Mwingine hunakili vibaya kutoka ubaoni lakini kwenye kitabu hakosei. Huyo mhamishie dawati la mbele leo, na mzazi aambiwe akampime macho.

Walimu hutuuliza: kwa darasa la watoto tisini, muda huo unatoka wapi? Swali ni la haki. Kiwango cha shule za msingi Tanzania ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016 shule nyingi zimefurika. Njia inayowezekana ni kuwapanga watoto kwa kiwango walichofikia, si kwa darasa, kwa kipindi kimoja cha siku. Magharibi mwa Kenya, utafiti wa wachumi Duflo, Dupas na Kremer katika shule 121 ulionyesha kuwa darasa la kwanza lilipogawanywa kwa uwezo, watoto wa makundi yote mawili walipanda, wa chini wakiwemo. Ila makundi yapangwe upya mara kwa mara. Kundi la kudumu hugeuka jina la utani.

Ukiuliza swali, nyamaza kidogo. Mtafiti Mary Budd Rowe wa Marekani aligundua kuwa walimu wengi husubiri jibu kwa sekunde moja hivi tu. Waliposubiri tatu, wanafunzi waliokuwa kimya walianza kujibu.

Kwa wazazi: tuisheni inayorudia mada ya asubuhi kwa kasi ileile ni hela ya bure. Ukienda shuleni, acha kuuliza amekuwa wa ngapi. Uliza amekwama wapi, kisha mwombe mwalimu wa tuisheni aanzie hapo, hata kama ni jedwali la kuzidisha la darasa la tatu.