Kadi nimeipenda, usambazaji nimeukataa

Dar ukiambiwa "kuna fursa" na anayekuambia hataki kuitaja kwenye simu, jua utaitwa semina. Dada mmoja wa Tabata, mteja wangu wa siku nyingi, alikwishakwenda semina mbili kabla hajapita ofisini kwangu Kariakoo. Hata salamu hatujamaliza, akanisogezea simu. "Kaka, wewe ndiye mtu wa kadi. Niangalizie hii kabla sijatuma hela."

Ilikuwa huduma ya kadi za salamu ya Marekani. Unaingia kwenye tovuti, unachagua kadi, unaandika ujumbe wako na kuweka picha ukitaka, halafu wao wanaichapa, wanaitia kwenye bahasha, wanabandika stempu na kuiposti. Lakini yule aliyemwita semina hakumwuzia kadi hata moja. Alimwuzia nafasi ya kuwa "msambazaji": kiingilio cha dola, malipo ya kila mwezi, na kamisheni kwa kila atakayemwingiza. Jina la kampuni naliacha. Za mtindo huu zimepita nyingi, na ninayosema yanazigusa zote.

Nachapa kadi tangu 2006, kwa hiyo nilikuwa na hamu yangu binafsi. Nikamwambia anipe muda, nikafungua akaunti ya mteja wa kawaida na kutuma kadi mbili: moja kwa binamu yangu Houston, nyingine kwenye sanduku langu mwenyewe hapa mjini.

Ya Houston ilifika siku ya nane. Binamu aliifungua kwenye simu ya video nikiwa natazama, akalia kidogo, maana nilikuwa nimeweka picha ya bibi yetu. Ya kwangu ilifika siku ya ishirini na nne, na hiyo ndiyo niliyoikagua kwa vidole. Karatasi nzito, kwa makadirio yangu gramu 300. Mstari wa mkunjo ulikandamizwa kwanza ndipo kadi ikakunjwa, kwa hiyo wino haukupasuka pale katikati. Wanaochapa wenzangu wanajua ni kadi ngapi za mjini hapa zina ule ufa mweupe mgongoni kwa sababu fundi aliona uvivu kupitisha mashine mara ya pili. Ngozi ya bibi ilitoka ya kahawia, si ya kijivu. Kwa upande wa kazi sina la kuwasema.

Anwani ndiyo iliyonichekesha. Fomu yao inataka mtaa, jimbo na postikodi, lakini haina mahali pa S.L.P. Nikaliandika sanduku kwenye kisanduku cha mtaa, jimbo nikajaza Dar es Salaam, mji nao Dar es Salaam, na bahasha ikaja imetaja mji mara mbili. Ni jambo dogo, ila linakuonyesha huduma ilitengenezwa kwa ajili ya nani. Marekani tarishi anapita mlangoni kwako, anakuachia barua na anachukua ya kutuma. Sisi barua inakaa kwenye sanduku, na sanduku lenyewe mara nyingi ni la ofisi, la shule au la parokia. Tangu 2022 nyumba nyingi zimepata namba na mitaa imepata vibao, jambo zuri, lakini jiulize: rafiki zako wangapi unajua S.L.P. zao?

Halafu kuna suala la kadi yenyewe ni kitu gani kwetu. Nikiwa kijana, kadi za Krismasi na Idi zilitundikwa kwenye kamba njia ya kwenda Posta Mpya, unanunua tano, unamtumia mjomba Mwanza. Ujumbe wa simu ukaja, ile biashara ikafa na sikuona mtu akiilia. Kadi iliyobaki hai Dar ni ya shughuli. Kwanza inakuja ya mchango, ambayo kwa kweli ni ankara iliyopambwa maua. Ukishachanga ndipo inakuja ya mwaliko, na pale kwenye kona ndogo ya chini, singo au dabo (ya mtu mmoja au ya wawili), ndipo ugomvi wa familia unapoanzia. Kadi hiyo ni tiketi. Bila hiyo mlinzi wa ukumbi hakuelewi. Siku hizi hata yenyewe inakuja WhatsApp na msimbo wa kuskani mlangoni. Kwa hiyo msambazaji wa kadi za "nakukumbuka tu" Dar anauza kitu kizuri ambacho watu hawana mazoea ya kukinunua.

Anaweza kukiuza kwa wenye ndugu ughaibuni, na kwa wakala wa utalii anayetaka kuwashukuru wageni wake wa Chicago. Wateja hao wapo, lakini wanahesabika. Na wao wanaweza kwenda moja kwa moja kwenye tovuti, kama nilivyofanya mimi.

Sasa usambazaji. Hapa nilimkalisha dada na kikokotoo. Tuchukue namba nyepesi, si za kampuni yoyote: tuseme kubaki kwenye mfumo kunakugharimu dola 40 kwa mwezi, na kila kadi inayonunuliwa kwa jina lako inakupa dola 1. Unahitaji kadi 40 kila mwezi ndipo ufike sifuri. Hujalipa bando wala nauli ya semina. Nikamwuliza, "Wataje watu kumi watakaonunua kadi nne nne mwezi huu." Akataja binamu yangu. Tukacheka wote.

"Lakini kaka, hela haipo kwenye kadi," akasema, "ipo kwenye timu."

Sentensi hiyo ndiyo niliyokuwa naisubiri. Semina ilimfundisha kuingiza watu watano, kila mmoja naye aingize watano. Ngazi ya kwanza 5, ya pili 25, ya tatu 125. Ukiendelea, ngazi ya tisa ina watu 1,953,125 na ya kumi 9,765,625. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoa wote wa Dar es Salaam, wakiwemo watoto wachanga. Ngazi ya kumi haiwezi kujaa hata ukiwasajili wagonjwa wodini. Na popote mti huo utakaposimama, karibu watu wanne kati ya kila watano wako ngazi ya mwisho, wamelipa na hawana mtu chini yao. Hilo halitegemei bidii ya mtu wala maombi yake.

Mtandao wa wauzaji si kosa kwa sababu tu ni mtandao. Marekani kwenyewe walishaligombania hili. Mwaka 1975, katika kesi ya kampuni ya Koscot, tume yao ya biashara, FTC, iliweka kipimo: mtu analipa apate haki ya kuuza, pamoja na haki ya kulipwa kwa kuingiza wengine bila kujali kama bidhaa inamfikia mtumiaji wa mwisho. Hiyo ni piramidi. Mwaka 1979 Amway, kampuni nyingine ya mtandao wa wauzaji, ilipona kwa sehemu kubwa kwa sababu ilikuwa na kanuni za kuhakikisha bidhaa inauzwa kweli, haijazwi stoo za wanachama. Hapa kwetu Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ina kifungu kinachokataza piramidi, na mahakamani kosa lake huitwa kuendesha biashara ya upatu. Jina linatuchanganya, maana upatu wa akina mama wa mtaani, wa kupokezana kwa zamu, ni kitu kingine kabisa: pale kila aliyetoa anapokea. Waliopanda "mbegu" za hela DECI, mpango ulioahidi mavuno makubwa, mpaka Serikali ilipoingilia 2009, wanaijua tofauti hiyo vizuri kuliko mimi.

Kwa huduma hii ya kadi sikusema ni piramidi. Bidhaa ipo, nimeishika. Nilichomwomba dada ni kumwandikia aliyemwingiza, aplaini kwa lugha yao, swali moja: katika hela uliyopata mwezi uliopita, kiasi gani kilitoka kwa watu walionunua kadi tu, wasio wanachama? Akaandika palepale, akiwa amekaa kwenye kiti changu cha wateja, nikampa soda tusubiri.

Jibu lilikuja baada ya nusu saa. Mikono miwili ya maombi, picha ya gari jeupe, na "Dada usiwe na mashaka, Jumamosi saa nne asubuhi usikose, atakuwepo mtu mkubwa."

Jumamosi hiyo dada hakwenda. Ni katibu wa kamati ya harusi ya mtoto wa wifi yake, na walikuwa wanapitia orodha ya michango. Aliniagiza kadi 150, dabo 60. Nami kwenye akaunti yangu ya Marekani nimebakiza salio la kadi moja, nitamtumia binamu Desemba.