Je, wajua kwa nini video hukwama garini ilhali simu inashika mtandao vizuri?

Bando lipo, alama za mtandao zimejaa, basi linakwenda, lakini video inazunguka tu. Tunaulaumu mnara. Lakini tatizo linaweza kuwa ni kanuni iliyotungwa mwaka 1988, wakati simu za mkononi zilikuwa za kupiga tu.

Data husafiri ikiwa imekatwakatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti. Itifaki ya TCP, yaani kanuni za mawasiliano, huhakikisha zote zinafika: simu ikipokea pakiti, hurudisha taarifa kwa seva, kompyuta inayoituma video. Oktoba 1986, njia kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, majirani wasiofika hata nusu kilomita, ilizidiwa na mzigo mpaka kasi ikaporomoka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi 40. Arobaini tu! Mwaka 1988 mtaalamu Van Jacobson akaja na dawa: pakiti ikipotea, seva ijue kuna foleni, ipunguze mwendo, kisha iongeze kidogo kidogo.

Dawa hiyo iliiokoa intaneti, kwa sababu waya hupoteza pakiti kwa nadra mno pasipo foleni. Hewani ni habari nyingine. Basi likipita nyuma ya kilima, au simu ikiuacha mnara mmoja na kushika mwingine, pakiti hupotea bila foleni yoyote. Seva haijui hayo. Barabara ni nyeupe, nayo inakanyaga breki.

Ndiyo maana minara ya 4G hurudia yenyewe vipande vilivyoharibika, ndani ya milisekunde chache, kabla seva haijashtuka. Mwaka 2016 Google nao walitoa BBR, kanuni inayopima kasi na ucheleweshaji wa njia badala ya kuhukumu kwa pakiti zilizopotea. Kwangu mimi hiyo ni hatua kubwa: inaiangalia njia yenyewe.

Limebaki la kutoka nyumbani. TCP hutambua mawasiliano kwa anwani za mtandaoni za simu na seva, na ukiacha Wi-Fi ukaingia kwenye bando, anwani ya simu hubadilika na mawasiliano hukatika. Itifaki ya QUIC, iliyosanifishwa Mei 2021, huyapa mawasiliano namba yao wenyewe, kwa hiyo anwani ikibadilika yanaweza kuendelea. Ila si programu zote zinazoitumia. Faili unalopakua likigoma ukishatoka getini, lisimamishe kisha uliendeleze; simu itafungua mawasiliano mapya kwa anwani mpya.