Si kila anayejua kusikiliza ni mtaalamu wa tiba ya mazungumzo

Mtu akishavuka aibu na kukiri kwamba anahitaji msaada, swali linalofuata ni: niende kwa nani? Wengi huyumbia hapo, kwa sababu ya mambo ambayo nayasikia kila mara hapa Kenya.

"Kazi yenyewe ni kuongea tu. Yeyote mwenye busara anaiweza."

Shangazi mwenye busara ni hazina, tena usimwache. Lakini mfikirie mtu anayenawa mikono hadi ngozi inachubuka, kwa kuwa wazo la uchafu halimtoki. Mwenye huruma atamwambia, "Mikono yako ni safi, usijali." Atatulia kidogo, kisha atarudi bombani. Aliyefunzwa hampi uhakika huo. Humwomba ashike kitasa cha mlango, akae bila kunawa, hofu ipande mpaka ianze kushuka yenyewe. Leo kitasa, wiki ijayo noti alizorudishiwa na kondakta wa matatu. Katika shida hii, kumtuliza kila mara ni kuulisha ugonjwa.

"Ana cheti ukutani."

Kisome hicho cheti. Nilimsindikiza mdogo wangu kwa mshauri mmoja ambaye chake, ndani ya fremu ya rangi ya dhahabu, kilikuwa cha semina ya siku mbili. Kikao hakijafika nusu, alikuwa amepokea simu mara mbili, na ametusimulia habari za mteja mwingine. Hatukurudi. Mdogo wangu alikaa karibu mwaka mzima ndipo akakubali kujaribu tena. Mwaka huo unaniuma hadi leo.

Kenya ina Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, iliyounda bodi ya kuwasajili. Daktari wa magonjwa ya akili, ambaye anaweza kukuandikia dawa, husajiliwa na baraza la madaktari. Omba namba ya usajili, kisha uithibitishe. Mtaalamu wa kweli hachukii kuulizwa. Muulize pia: shida kama yangu umefunzwa kuitibu kwa njia gani? Nani anakusimamia ukikwama?

"Basi asiye na digrii hafai kabisa."

Hapana. Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika vijiji 30 vya Rakai na Masaka, kusini mwa Uganda. Wenyeji wasio wataalamu walipewa mafunzo ya wiki mbili, wakaongoza vikundi vya watu wenye sonona kwa wiki 16, kila kikao dakika 90. Waliohudhuria walipata nafuu kubwa kuliko wenzao wa vijiji ambavyo havikupata vikundi hivyo. Hawa walifunzwa njia moja, wakaifuata hatua kwa hatua, na walikuwa na wasimamizi. Mwenye semina ya siku mbili hana msimamizi, na ukimuuliza anatumia njia gani, atakuambia "zote".

"Programu zote za tiba ni sawa, majina tu ndiyo tofauti."

Iko tiba iitwayo DBT, iliyobuniwa na Marsha Linehan wa Marekani kwa watu wanaojidhuru au kutaka kujiua mara kwa mara. Programu kamili ina sehemu nne: kikao cha mtu mmoja mmoja, darasa la stadi za kukabiliana na hisia kali, simu ambayo mteja humpigia mtaalamu anapozidiwa katikati ya vikao, na kikao cha wataalamu wenyewe kusaidiana. Wapo wanaofundisha stadi peke yake. Stadi hizo zinasaidia, lakini mgonjwa aliye hatarini ana haki ya kuambiwa mapema kwamba anapewa sehemu moja tu. Uliza kabla hujalipa.

"Siri zangu nitazisikia kanisani au msikitini."

Unayosema ni siri. Siri hiyo ina mipaka, mathalani maisha ya mtu yakiwa hatarini, na mtaalamu anapaswa kukueleza mipaka hiyo siku ya kwanza, kabla hujaanza kusimulia.

"Nikimwacha mtaalamu wangu nitaonekana sina shukrani."

Vikao kadhaa vikipita bila lengo lolote mlilokubaliana, mwambie. Asipobadilika, omba akuelekeze kwa mwingine. Mdogo wangu sasa yuko kwa mtaalamu wa tatu. Kikao cha kwanza huyu alizima simu, akaiweka ndani ya droo, akauliza: "Ungependa nini kiwe tofauti ifikapo Desemba?"