Je, Wajua Kwa Nini Snuka Ikaitwa Snuka?

Anayelisikia kwa mara ya kwanza jina la snuka, mchezo wa mezani unaochezwa kwa fimbo na mipira 22, huenda akadhani kuwa limetokana na fimbo yenyewe au na mlio wa mipira inapogongana. Sivyo. Neno hili la Kiingereza lilikuwa dhihaka ya kijeshi: katika chuo cha maofisa cha Woolwich, London, ndivyo alivyoitwa mwanafunzi mgeni, ambaye sisi tungemwita kurutu.

Masimulizi yanayokubalika zaidi yanatupeleka Jabalpur, India, mwaka 1875, ambako maofisa wa jeshi la Uingereza walijiburudisha kwa michezo ya jamii ya biliadi, wakawa wanaongeza mipira ya rangi nyingine juu ya ile 15 myekundu. Siku moja mmoja wao alikosa kutumbukiza mpira uliokuwa karibu kabisa na mfuko, yaani tundu la ukingoni mwa meza, na mwenzake, Neville Chamberlain, akamwita snuka. Huyu si yule aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Uingereza. Ni majina tu yaliyofanana. Alipoona kuwa ameudhi, Chamberlain alieleza maana ya neno hilo, akaongeza kwamba katika mchezo ule mpya wote walikuwa makurutu, na jina likaganda. Ushahidi mkuu ni maelezo yake mwenyewe, aliyoyatoa mwaka 1938, zaidi ya miaka 60 baadaye, kwa hiyo si vibaya kuyapokea kwa tahadhari kidogo.

Kinachovutia zaidi ni jinsi neno lilivyogeuka. Leo, ndani ya mchezo wenyewe, snuka ni pia ule mtego ambao mpira mweupe, ule unaopigwa kwa fimbo, unafichwa nyuma ya mpira mwingine, hata mpinzani asiweze kuugonga moja kwa moja ule anaotakiwa kuugonga. Akikosea, anampa mwenzake pointi zisizopungua 4. Jina la asiyejua limekuwa jina la hila ya anayejua sana. Kutoka hapo likawa kitenzi cha mazungumzo ya kawaida, na hapo mfasiri awe macho: Mwingereza akisema amefanyiwa snuka, kwa kawaida ana maana kwamba amekwama, njia zote zimezibwa, ilhali Mmarekani akitumia neno lilelile, mara nyingi analalamika kwamba amepigwa changa la macho.