Dawa imesimamisha seli, lakini imeshika protini ipi?

Seli nyeupe ya damu ya ng'ombe ikishaingiwa na Theileria parva, kimelea cha ndigana kali, huanza kugawanyika bila kikomo kama ya saratani. Ukiiwekea buparvakwoni, dawa ambayo daktari wa mifugo humdunga ng'ombe kule Kajiado, kimelea hufa na seli huacha kugawanyika. Molekuli moja ndogo imerudisha nyuma mgeuko wote. Sisi tunaochunguza jambo hili hapa Nairobi tunabaki na swali: imeshika protini ipi?

Kwa nini tutumie kizuizi cha kikemia, yaani molekuli inayoshika protini na kuizuia kufanya kazi, na si kuondoa jeni inayoitengeneza? Kuhariri jeni za Theileria bado ni kazi ngumu mno. Hata kwingine inakowezekana, ukiondoa protini ya lazima seli hufa kabla hujaona ilichokuwa ikifanya. Isipokufa, imepata siku nyingi za kuzoea kuishi bila hiyo. Kizuizi huweza kufanya kazi ndani ya dakika. Unachagua saa ya kukiweka, na vizuizi vya aina nyingi, ukiviosha, protini huamka tena. Ila mambo haya mawili hayalingani. Jeni ikiondolewa protini haipo kabisa, ilhali kizuizi huiacha mahali pake, imeshikana na wenzake, imenyamazishwa sehemu moja tu. Matokeo ya njia hizi mbili yakitofautiana, yote mawili yanaweza kuwa kweli.

Hatari iko kwenye lebo ya chupa. Molekuli iitwayo LY294002 ilitambulishwa mwaka 1994 kama kizuizi cha PI3K, mojawapo ya kinasi (protini zinazobandika fosfati kwenye molekuli nyingine na kuzibadilishia kazi), na iliposimamisha seli zenye Theileria ilikuwa rahisi kusema PI3K ndiyo inayoziendesha. Baadaye ikaonekana kwamba molekuli hiyo hushika pia kinasi nyingine, mTOR na CK2. Na CK2 ndiyo kinasi ambayo Onesmo ole-MoiYoi na wenzake wa ILRAD, maabara ya utafiti wa magonjwa ya mifugo iliyokuwa pale Kabete ilipo taasisi ya ILRI leo, walionyesha mwaka 1993 kwamba huongezeka katika seli hizi hizi! Ukizima transfoma ya mtaa mzima na pampu ya maji ikasimama, hujajua ni waya upi uliokuwa ukiiendesha.

Ndiyo maana mwanafunzi akiniletea grafu ya kizuizi kimoja, namuuliza kwanza dozi. Vizuizi vingi vya kinasi huziba mfuko ambamo kinasi hushikia ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli. Kwenye mirija ya majaribio ATP mara nyingi huwekwa kwa mikromola, wakati ndani ya seli iko kwa milimola, kipimo kikubwa mara elfu, kwa hiyo nanomola chache (kipimo kidogo mara elfu kuliko mikromola) za kizuizi zilizotosha mrijani huenda zisitoshe kwenye seli. Basi watu huongeza, na kadiri wanavyoongeza ndivyo kizuizi kinavyoshika protini zisizokusudiwa. Dozi ikifika mikromola 50, mimi siamini tena jina lililo kwenye lebo. Kisha nataka kizuizi cha pili chenye umbo tofauti kabisa, na molekuli dada inayofanana na kizuizi ila haishiki protini inayolengwa. Ni ghali kwa maabara zetu, najua. Lakini afadhali kuinunua hiyo kuliko kurudia jaribio lile lile mara kumi.

Ushahidi unaonitosheleza ni mmoja: badilisha protini, si dawa. Kwa Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria, kuna vizuizi vya kinasi iitwayo PKG. Vimelea vikiwekewa hukomaa lakini hushindwa kupasua chembe nyekundu na kutoka; ukiviosha, hutoka karibu kwa pamoja. Watafiti walibadilisha asidi amino moja tu ya PKG, threonini ya 618 ikawa glutamini, na mfuko ukawa hauipokei tena dawa. Vimelea hivyo vilitoka kama kawaida kwenye dozi iliyofungia wenzao ndani. Hapo hakuna nafasi ya kubishana.

Buparvakwoni haijafika hapo. Katika Theileria annulata, jamaa wa Theileria parva, iliyozoea dawa nchini Tunisia, kumepatikana mabadiliko kwenye saitokromu b, protini ya mitokondria inayosaidia kutengeneza nishati, na pia kwenye PIN1, protini ambayo utafiti wa mwaka 2015 ulionyesha kimelea huitoa ndani ya seli ya ng'ombe. Ya kwanza ingemaanisha dawa humnyima kimelea nishati. Ya pili, kwamba hukata mkono anaoendeshea seli. Ningependa kuona PIN1 yenye badiliko lile ikipandikizwa kwenye kimelea kinachouawa na dawa, saitokromu b yake ikiwa haijaguswa, kisha buparvakwoni iwekwe.